Tui la Tatu

Nilizaliwa na kulelewa Changamwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo moto wa kiwanda cha kusafishia mafuta, kilichofunguliwa mwaka 1963, ulionekana usiku kama mwenge usiozimika. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na mama yangu alikuwa mpishi aliyesifiwa mtaa mzima. Elimu ya mafuta, ambayo baadaye nilivuka bahari kuitafuta, ilianza uani kwetu, baina ya mbuzi ya kukunia nazi na karai la kufulia nguo, ila mimi sikujua.

Kila alasiri nilimwona mama akikuna nazi. Nazi iliyokunwa aliitia maji kidogo, akaikamua kwa kifumbu, likatoka tui la kwanza, zito na jeupe. Aliyarudishia machicha maji ya vuguvugu, akayakamua tena, likatoka tui la pili, jepesi kuliko la kwanza. Mara ya tatu yalitoka maji yenye weupe hafifu, na machicha yakatupiwa kuku. Siku moja niliyaokota machicha yale nikayafikicha kiganjani, na kiganja changu kikang'aa kwa mafuta. Nikamwuliza mama kwa nini ametupa kitu ambacho bado kina mafuta. Akacheka, akanijibu: "Mwanangu, sikuyaacha kwa sababu mafuta yamekwisha. Nimeyaacha kwa sababu nguvu za mikono yangu zimekwisha."

Somo la pili lilikuwa la kila Jumamosi. Baba alirejea kutoka kazini na ovaroli iliyolowa grisi na oili chafu, nami niliagizwa kuifua. Mara ya kwanza nilimwaga debe zima la maji juu yake. Maji yaliteleza juu ya madoa kama yateleavyo juu ya jani la mgomba, na madoa yakabaki palepale. Nikaongeza debe la pili, na jasho likanitoka bure. Mama alikuja na kipande cha sabuni, akayapaka madoa, akayaacha kwa muda, kisha akafikicha polepole. Maji yakageuka meusi, nguo ikarudia rangi yake. "Usishindane na grisi kwa wingi wa maji," aliniambia. "Tazama kwanza imeshikwa na nini."

Miaka mingi ilipita. Nilipata nafasi ya kusoma elimu ya visima vya mafuta katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Siku ya kwanza mwalimu alituuliza mafuta hukaaje chini ya ardhi. Wengi wetu tulijibu kwamba hukaa kama ziwa lililofichwa pangoni. Mwalimu hakusema neno. Alitoa mfukoni kipande cha mwamba wa mchanga, kikavu, kigumu, cha rangi ya kijivu, akakitia tone moja la maji. Tone lilinywewa mara moja. Ndipo tukafahamu. Mafuta hayakai ziwani. Hukaa ndani ya jiwe lenyewe, katika vinyweleo vidogo vilivyo baina ya punje moja ya mchanga na nyingine, na vijia vinavyounganisha vinyweleo hivyo ni vyembamba kuliko unywele wa mtu. Kuyatoa mafuta katika mwamba si sawa na kuteka maji kisimani. Ni sawa na kuikamua nazi.

Na kama ilivyo nazi, mwamba nao una tui lake la kwanza, la pili na la tatu.

Tui la kwanza hutoka kwa nguvu za ardhi yenyewe. Mafuta na gesi vilivyofungiwa chini vina shinikizo kubwa, na kisima kikichimbwa husukumwa kuja juu, au huvutwa kwa pampu. Ndivyo ilivyokuwa tangu Edwin Drake alipopata mafuta Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka 1859, kwa kisima cha urefu wa mita 21 tu. Lakini nguvu hizo huchoka upesi. Aghalabu sehemu inayotoka kwa njia hii ni moja tu katika kila kumi, au zaidi kidogo.

Tui la pili lilipatikana kwa ajali. Katika uwanja wa mafuta wa Bradford, jimbo lilo hilo la Pennsylvania, visima vikuukuu vilivyoharibika vilipitisha maji kutoka tabaka za juu mpaka katika mwamba wa mafuta. Watu walidhani hiyo ni hasara tupu, na kumwaga maji kisimani kulikatazwa na sheria. Walakini mwaka 1880 mtaalamu mmoja, John Carll, aliandika kwamba yamkini maji hayo huyasukuma mafuta kuelekea visima vya jirani. Baadhi ya watu walianza kuyaingiza maji kwa siri, wakaona faida, na mwaka 1921 sheria ikageuzwa ili kuwaruhusu. Leo njia hiyo hutumika duniani kote. Maji huingizwa kwa kisima kimoja, na mafuta hutokea kwa kingine.

Lakini maji nayo yana kikomo chake. Hufika siku kisima kikatoa maji karibu matupu, na hapo mafuta zaidi ya nusu huwa yangali mwambani. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Visima vingi vilivyofungwa na kuitwa vikavu havikuwa vikavu. Vilivyobaki na mafuta mengi kuliko vilivyotoa ni vingi mno.

Ni kitu gani kinachoyashika mafuta hayo? Hapa ndipo nilipokumbuka ovaroli ya baba. Maji na mafuta havipatani. Mahali vinapokutana hufanyika kama ngozi nyembamba iliyovutwa, nasi huiita nguvu hiyo mvutano wa uso. Tone la mafuta likitaka kupita katika kijia chembamba, halina budi kujikunja na kujinyosha, na ngozi hiyo hukataa. Kadiri kijia kilivyo chembamba, ndivyo ukatazo ulivyo mkubwa. Maji yanayosukumwa nyuma yake hayana haja ya kugombana na tone. Hutafuta kijia kingine kilicho wazi, yakapita, na tone likabaki limekwama. Ukiongeza maji, hayo uliyoongeza hupita njia ileile ya wenzao. Nilikuwa nimemwaga debe la pili.

Dawa basi si kuongeza nguvu, bali kuilegeza ngozi. Sabuni hufanya kazi hiyo kwa sababu chembe yake ina pande mbili: kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Husimama mpakani, kichwa huku na mkia kule, kama mshenga baina ya nyumba mbili zisizosemezana. Lakini sabuni ya kufulia haitoshi kwa kazi ya mwambani. Mvutano baina ya mafuta na maji huwa karibu milinyutoni 30 kwa mita. Ili matone yaliyokwama yaachilie, yapasa ushuke mpaka karibu 0.001, yaani upungue mara 30,000 hivi.

Jambo hilo laweza kufanyika kwa mchanganyiko uitwao maikroemalsheni. Mwaka 1943, wanasayansi wawili, Hoar na Schulman, walieleza habari za mchanganyiko wa mafuta na maji ulio wa ajabu, na mwaka 1959 Schulman na wenzake wakaupa jina hilo. Wewe umeona tui la nazi. Ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa matone madogo, na ni jeupe kwa sababu matone hayo ni makubwa kiasi cha kuutawanya mwanga. Ukiliacha, hujitenga, mafuta yakaelea juu. Maikroemalsheni si hivyo. Matone yake ni madogo hata mwanga hupita bila ya kuzuiwa, nao mchanganyiko huwa angavu kama maji ya mtungi. Wala haujitengi, hata ukiuacha mwaka mzima, maadamu joto na chumvi yake havikubadilishwa. Sabuni yake ikichaguliwa vema, na chumvi ikapimwa barabara, mafuta na maji huacha uadui wao karibu kabisa, na tone lililokwama kwa miaka hulegea, likaungana na matone mengine, likaanza safari.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Marathon iliijaribu njia hiyo karibu na mji wa Robinson, jimbo la Illinois, katika mwamba ambao maji yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake. Mafuta yakatoka. Hivyo ilithibitika kwamba tui la tatu lipo. Lakini sabuni ni ghali, na nyingi yake hung'ang'ania mawe njiani isifike iendako. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986, miradi mingi ya namna hiyo iliachwa. Huko Uchina, katika uwanja mkubwa wa Daqing uliogunduliwa mwaka 1959, watu walifuata njia iliyo jirani na hii. Tangu miaka ya 1990 waliyafanya maji kuwa mazito kama uji kwa kuyatia polima, ili yasikimbilie vijia vilivyo wazi bali yasukume mafuta kwa safu moja, na baadaye wakaongeza sabuni na magadi.

Mimi nilifika chuoni wakati ambapo wataalamu walikuwa wakitumaini msaidizi mwingine, naye ni chembe za nano. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000,000. Upana wa unywele ni nanomita 80,000 hivi, na chembe nilizopewa zilikuwa za nanomita 20. Zilikuwa za silika, kitu kilekile kinachofanya mchanga wa pwani, ila zimesagika mno. Katika kijia cha mwambani chenye upana wa nanomita 5,000, chembe 250 zingeweza kujipanga bega kwa bega.

Kazi yake ni ipi? Mwaka 2003 Wasan na Nikolov, wa mjini Chicago, walionyesha kwamba chembe ndogo zilizomo katika maji hujipanga safu safu katika pembe ile nyembamba ambapo tone la mafuta hukutana na jiwe. Zikisongamana hapo, huingia chini ya tone kama kabari chini ya gogo, zikalibandua. Chembe hizo pia zaweza kuufanya uso wa jiwe upende maji kuliko mafuta, na zaweza kuyazunguka matone yasiungane ovyo. Nilipoyasoma haya nilijiona nimekwisha kuwa bingwa.

Nilipewa kipande cha mwamba wa Berea, kutoka jimbo la Ohio, kilichochongwa mfano wa rungu fupi lililonyooka. Niliujaza mwamba maji ya chumvi, kisha mafuta, kisha nikayasukuma mafuta kwa maji hata yasitoke tena. Kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa. Asubuhi moja nilikoroga chembe zangu katika maji safi yasiyo na chumvi. Zilitulia, angavu na nzuri. Nikaridhika, nikazisukuma ndani ya jiwe.

Baada ya saa moja mshale wa shinikizo ulianza kupanda. Nilijiambia kuwa utatua. Haukutua. Hatimaye pampu ilijizima yenyewe. Nilipolifungua jiwe niliona usoni mwake utando mweupe kama tui lililokatika. Chembe zilikuwa zimekutana na chumvi ya mwambani, zikashikana, zikafanya mabonge na kuziba kila kinyweleo. Jiwe lile lilikuwa limeharibika, na majuma yangu yamepotea pamoja nalo.

Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa tayari kutoa sababu nyingi. Alilitazama jiwe, akasema kwa upole: "Uliijaribu dawa yako mahali pasipo na mgonjwa." Hakuniongezea neno, na sikuhitaji la pili. Nilikuwa nimelitazama suluhisho langu, nikasahau kulitazama jiwe. Mama alikuwa amenifunza uani jambo hilohilo, nami nikalisahau kwa sababu nililipata bila ya ada.

Nilianza upya. Safari hii nilitumia chembe zilizovikwa utando unaozizuia kushikana katika chumvi, nikazichanganya na sabuni, na nikazijaribu kwanza katika maji yaleyale ya jiwe, kwa joto lilelile, siku nyingi kabla ya kugusa pampu. Siku ya kazi nilikesha. Karibu na alfajiri, katika bomba la kioo ambalo kwa saa nyingi lilikuwa likipitisha maji matupu, nikaona uzi mweusi. Ukawa utepe. Kisha yakaja mafuta. Jiwe lililokuwa limetangazwa kuwa tupu lilitoa zaidi ya nusu ya yale yaliyokuwa yamesalia. Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya kiti nikakumbuka kiganja changu kiking'aa mafuta ya machicha.

Ningeweza kuikomesha insha hii hapo, na ingekuwa habari ya ushindi. Lakini ingekuwa haikutimia.

Nilirudi nyumbani kwa likizo. Wakati huo Kenya nayo ilikuwa ikizungumza habari za mafuta yake. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, bonde la Lokichar, Turkana. Ni mafuta yenye nta nyingi, yakipoa huganda, kwa hiyo tangu mwaka 2018 yalisafirishwa kwa malori katika matangi yaliyohifadhi joto, mpaka Changamwe kwetu. Kiwanda chetu kilikuwa kimekoma kusafisha mafuta tangu mwaka 2013, na mwezi wa Agosti 2019 meli ya kwanza iliyapakia ikaenda nayo ng'ambo. Nilimweleza mama haya yote, na habari za jiwe langu, na sabuni, na chembe. Alinisikiliza huku akichuja tui. Nilipomaliza akaniuliza maswali mawili. "Na maji hayo mnayotia huko chini, mnayatoa wapi? Na yakishatoka na sabuni yake na huo mchanga wenu, mnayamwaga wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma miaka mitano, nimehesabu kila tone la mafuta lililotoka katika jiwe, na maji yaliyotoka pamoja nayo nilikuwa nikiyamwaga katika pipa la taka nisijue yaendako. Katika nchi kavu, ambapo mama huamka kabla ya jua kwenda kuteka maji mtoni kwa kuchimba mchanga, swali lile si la pembeni. Ni swali la kwanza. Ajabu yenyewe ni kwamba sabuni inayoyapatanisha mafuta na maji chini ya ardhi huyafanya yawe magumu kutenganishwa juu yake. Mshenga aliyeoza ndoa vizuri mno huleta taabu ikibidi talaka.

Liko na la tatu, ambalo mama hakuliuliza, lakini kijana wa leo analiuliza. Mafuta yakiteketezwa hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo huzidisha joto la dunia. Kwa hiyo anayegundua njia ya kuyatoa mafuta yaliyobaki hawezi kusema kuwa kazi yake inakomea kisimani. Wako wanaosema kwamba ni afadhali kukamua vema kisima cha zamani kuliko kuchimba kipya mahali palipo safi, na wako wanaosema yaliyobaki yaachwe yalale. Mimi naona kila upande una neno la kusikilizwa. Ila najua kwamba maarifa haya yana matumizi zaidi ya moja. Sabuni iyo hiyo inayong'oa mafuta mwambani hutumika pia kusafisha ardhi na maji ya chini yaliyochafuliwa na mafuta yaliyomwagika. Kisu ni kimoja. Mkono ndio unaochagua.

Niliporudi chuoni nilimwomba mwalimu anibadilishie kazi. Alishangaa, maana jiwe langu lilikuwa limefaulu. Nilimwambia kwamba nataka kujifunza kuyatenganisha maji na mafuta baada ya kutoka, na kuyarudisha maji hayo yatumike tena, ili pasihitajike mapya kila siku. Ni kazi isiyo na utepe mweusi wa alfajiri. Mafanikio yake ni gilasi ya maji safi, nayo haimshangazi mtu. Lakini ndiyo kazi niliyo nayo hata leo.

Wewe unayesoma haya darasani, labda hutachimba kisima maishani mwako. Walakini utakutana na mambo yaliyokwama, na watu watakushauri uongeze nguvu. Kabla ya kumwaga debe la pili, tazama yameshikwa na nini. Na ukisha kuyafungua, usiondoke kabla ya kuuliza yale yaliyotoka yatakwenda wapi. Mtu akijua jambo la kwanza huitwa fundi. Akijua na la pili, majirani zake hulala usingizi.

Mama yangu angali anakuna nazi. Mara ya mwisho nilipokuwa kwake nilimwona akikamua tui la tatu, kisha akayatazama machicha kwa muda. Nilidhani atayarudishia maji tena. Aliyatupia kuku.